Kadi Niliyoisoma kwa Masikio

Niseme mapema, asije mtu akanihurumia bure: niliondoka Kagunga na hasira, nikarudi Kagunga na hasira. Katikati nilipata miwani.

Mimi ni fundi nyavu. Nilizaliwa Ujiji, nikaoa Kagunga, na kwa miaka ishirini na zaidi nimekuwa nikishona nyavu za mwenye vyombo vya uvuvi mmoja ambaye sote pale ufukweni tunamwita Tajiri. Kazi yetu inafuata mwezi. Siku za giza wavuvi huingia ziwani na taa, na dagaa huzifuata. Mwezi ukijaa, dagaa hawana haja na taa ya mtu, vyombo vinapumzika, na hapo zamu yangu inaanza. Nyavu zinatandazwa mchangani nami natafuta palipokatika. Wavu wa dagaa una matundu madogo sana, na fundi asiyeyaona hana tofauti na mpita njia.

Giza lililopita, wavu mmoja niliosema umepona uliingia ziwani na pengo la kupitisha kichwa cha mtoto. Wavuvi walirudi na ndoo mbili, wenzao wakarudi na mitumbwi iliyojaa. Kesho yake Tajiri alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yangu, ndipo akasema, "Fundi, mwezi huu ukijaa nikaona pengo jingine, namleta fundi wa Kibirizi." Kisha akamalizia chai. Hiyo chai ndiyo iliyoniudhi kuliko maneno.

Mke wangu, Mama Zubeda, alikuwa ameniambia tangu mwaka jana kwamba macho yangu yamechoka. Nilimjibu kwamba uzi wa siku hizi ni mwembamba na taa za sola zina mwanga mbovu, kisha nikamnunia siku mbili. Baadaye, kwa siri, nilinunua miwani kwa mchuuzi pale gulioni. Yeye hapimi macho, anapima umri. "Mzee, una miaka mingapi?" Hamsini na miwili. "Basi chukua hii." Ni kama kuuza viatu bila kutazama mguu. Kichwa kiliniuma siku tatu, nikampa jirani, naye huivaa Ijumaa kwa urembo.

Ndipo dada yangu Mwajuma akapiga simu kutoka Ujiji. Wataalamu wa macho wamefika Gungu, wamekaa kwenye shule moja, kupima ni bure na miwani ni ya bei nafuu, lakini wamebakiza siku mbili tu. Mwezi angani ulikuwa umeshavuka nusu. Sikuwa na nafasi ya kufikiri.

Alfajiri, baada ya swala, Mama Zubeda alinisindikiza ufukweni. Alibeba mfuko wangu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa yeye ni wa mashoto, jambo ambalo marehemu mama yangu hakulizoea mpaka anakufa. Ndani ya mfuko mlikuwa na kanzu, sindano yangu ya nyavu, uzi, na kipande cha wavu cha kushughulisha mikono njiani. Boti ilipoanza kuunguruma akaniambia, "Baba Zubeda, wakikuuliza unaona nini, useme kweli."

"Kwani mimi mwongo?" nikamjibu mbele ya abiria wote.

Alisimama pale majini, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, mpaka boti ikageuka.

Ziwani nilikaa karibu na injini, nikatoa kipande cha wavu. Jua lilikuwa limeshatoka juu ya milima na maji yametulia. Nilijaribu kupitisha sindano tundu moja, nikapitisha mawili. Nikausogeza wavu mbali mpaka mikono ikaisha. Mama mmoja mwenye tenga la kuku alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ya mtu nisiyemjua siipendi, nikaurudisha wavu mfukoni. Tuliingia kila kijiji kushusha na kupakia, tukaupita msitu wa Gombe, na kila tuliposimama niliona mwenye boti anafanya makusudi.

Saa tano tulifika Kibirizi. Sikwenda hata kunywa maji. Nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi Gungu.

Gungu, shuleni, walikuwa wamechukua darasa moja. Mbele kulikuwa na meza ya kuandikisha majina, katikati mabenchi, na kwenye kona mtaalamu mwenyewe, mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe. Ubao wa alama za mbali ulikuwa ukutani, na hapo sikuwa na tabu. Mbali naona mpaka mlima wa Kongo. Kwa macho ya karibu kulikuwa na kadi moja ya plastiki yenye maandishi yanayopungua ukubwa mstari kwa mstari. Mtu anapewa, anasoma kwa sauti mpaka anakwama, anaandikiwa namba ya miwani, na benchi zima linasogea nafasi moja. Sisi wengine tunakaa na kusikiliza.

Nilikaa pale tangu saa sita hadi saa tisa na nusu. Kadi ile niliisikia mara nyingi kuliko adhana. "Mkulima aliamka mapema. Alichukua jembe na ndoo ya maji. Njiani alimkuta jirani yake akianika mahindi." Wengi walikwama kwenye mahindi. Mwalimu mmoja kijana, aliyekuja kwa sababu ya macho kuwasha, aliisoma yote mpaka mwisho: "Mbuzi wawili wamelala kando ya ghala."

Hapa inabidi mnielewe. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa pale Ujiji, na alitufundisha mimi na Mwajuma kwa masikio kabla ya macho. Anasoma yeye, unasoma wewe. Kukosea alisamehe. Kusitasita hakusamehe hata mara moja, na fimbo yake ilikuwa ya mpera. Zamu yangu ilipofika, yule mtaalamu aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akanipa kadi, akasema, "Soma."

Kadi ilikuwa na ukungu mtupu. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe. Nilimsoma mkulima, nikasoma jembe na ndoo, nikapita mahindi bila kupunguza mwendo, nikawafikisha mbuzi ghalani. Mtaalamu akatabasamu. "Mashallah, mzee. Kwa umri wako, macho kama ya kijana. Huhitaji miwani."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitoka nimenyoosha kifua kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jioni, Ujiji, dada Mwajuma alinipokea kwa wali na samaki wa migebuka, akasubiri nile ndipo auelekeze mdomo wake kwangu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na hajawahi kulisahau hilo. Alikuwa anashona kifungo. Uzi ukamtoka kwenye sindano, akanipa. "Wewe mwenye macho ya kijana, nitungie."

Nilijaribu mara tano. Nikailaumu sindano.

"Walikupima kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa kadi. Nimesoma yote."

"Ilisemaje?"

Nikamsomea. Nilikuwa nimefika kwenye ndoo ya maji nilipogundua kwamba mwili wangu unayumba mbele na nyuma, macho nimeyainua darini, na sauti ina mahadhi yale yale ya madrasa. Mwajuma aliweka shati chini.

"Hamisi," alisema polepole, "wewe hukusoma. Umehifadhi."

Alinitukana kwa muda ambao sina haja ya kuueleza. Alisema baba alikufa lakini fimbo yake bado inanipiga mgongoni. Alisema nimesafiri nusu siku kwenda kumdanganya daktari nisiyemjua juu ya macho yangu mwenyewe. Kila alilosema lilikuwa kweli, na hakuna kinachochoma kama kutukanwa kwa kweli.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa tena Gungu. Boti ya kurudi ilikuwa inaondoka Kibirizi saa saba mchana. Mwandikishaji, mama mnene mwenye daftari, alinitazama mara moja tu. "Wewe umepimwa jana. Umeandikwa mzima. Kuna watu hawajapimwa kabisa, mzee, wapishe."

"Mimi si mzima."

"Daktari amesema mzima."

"Macho ni yangu au ni ya daktari?"

Tukapandishiana sauti mpaka mtaalamu akageuka kwenye kona yake. "Mzee wa jana? Si ulisoma vizuri?"

Basi nikasema mbele ya darasa zima. "Sikusoma, mwanangu. Nilisikia." Nikasimama pale mlangoni, mikono mitupu, nikamsomea kadi yake kutoka kwa mkulima hadi kwa mbuzi. Yeye alikuwa ameishika, anafuatisha kwa kidole. Nilipomaliza, hakutabasamu.

Mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa benchi la mbele, mwenye kitenge cha kijani, akacheka akafunika mdomo. "Ego, daktari," alisema, yaani ndiyo. "Hata mimi nimeshafika kwenye mahindi, na zamu yangu bado."

Mtaalamu akauliza benchi, "Wangapi wameshaijua?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Lakini vichwa vingi viliinama, na vilikuwa vichwa vya watu wazima. Sasa yeye ndiye aliyekasirika. "Mbona hamsemi? Jana nimewarudisha nyumbani wangapi?"

"Hukutuuliza kama tunaona," nilisema. "Ulisema soma. Nikasoma."

Tulitazamana. Nilitarajia anifukuze. Badala yake aliamuru mlango ufungwe na benchi litolewe nje, mtu aingie mmoja mmoja. Kwangu aliitafuta kadi nyingine, hakuwa nayo. Nikaufungua mfuko wangu, nikatoa kipande cha wavu, sindano na uzi. "Nipime kwa hiki. Mbuzi wako sina kazi nao."

Akanivalisha fremu nzito ya chuma, akaanza kubadilisha vioo. Kwanza aliweka vya kusomea kitabu, nikainamia wavu mpaka pua ikaugusa. Akanitazama nilivyokaa. "Kitabu watu hukileta usoni," alisema, "lakini wewe wavu unautandaza magotini." Akapunguza nguvu ya kioo, akapunguza tena. Tundu moja likatokea, na la pili kando yake, na fundo kati yao. Nilipitisha sindano, nikakaza. Nikafunga fundo la pili na la tatu, na yeye hakuniharakisha. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Hasira ilinirudia kwenye meza ya kuuzia. Juu walikuwa wamepanga fremu za kung'aa, za dhahabu ya uongo, na bei zake zingeninunulia nauli za mwaka. "Zile za bei nafuu mlizotangaza ziko wapi?"

Muuzaji akainama, akavuta boksi kutoka chini ya meza. "Ni hizi, mzee. Ila ni za plastiki, hazina mvuto."

"Nani kakwambia natafuta mchumba?"

Nilichukua nyeusi. Bei yake haikufika hata bei ya kuku wawili. Nilipotoka nilimwona yule mama wa kitenge cha kijani peke yake mlangoni, anangoja kuingia. Nikaenda kuwaambia wote waliokaa nje, kwa sauti, kwamba za bei nafuu ziko chini ya meza. Muuzaji hakufurahi, nami sikwenda Gungu kumfurahisha.

Saa saba boti iliondoka Kibirizi. Njia nzima nilitazama vitu vya karibu: mistari ya kiganja changu, mishono ya jaketi la kuokolea maisha, ambayo ilikuwa mibaya. Jioni tulitia nanga Kagunga. Mama Zubeda alinitazama usoni, akasema tu, "Imekukaa."

Siku mbili baadaye mwezi ulijaa na nyavu zikatandazwa. Asubuhi na mapema nilivaa miwani nikapiga magoti kwenye wavu wangu wa zamani, ule ninaoushughulikia tangu mwaka jana. Nilijua nitaona makosa. Niliyaona: mafundo yangu yaliyolegea, mengine yamefunga hewa. Lakini karibu na kila fundo bovu kulikuwa na jingine lililokazwa vizuri, na hayo yote yalikuwa yamelala upande wa pili. Mkono wa kulia haufungi hivyo. Pale ufukweni hakuna fundi wa mashoto.

Nilirudi nyumbani na wavu begani. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Mama Zubeda alikuwa anapepeta mchele.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Aliutazama wavu, akaendelea kupepeta. "Tangu mwaka jana. Ukienda swala ya adhuhuri. Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia macho yamechoka. Ukaninunia."

Kama mlikuwa mnangoja funzo la safari hii, ni hilo: mtu akiulizwa anaona nini, asijibu alichozoea kusikia. Nilikwenda hadi Gungu kuambiwa jambo lililosemwa jikoni kwangu mwaka mzima. Lakini lilibaki swali moja, na nililiuliza kwa ukali, kwa sababu bado nilitaka mtu wa kumlaumu.

"Na pengo la giza lile? Lile mbona hukuliziba?"

Aliweka ungo chini.

"Siku ile," alisema, "ulirudi mapema kutoka msikitini."

Nilikaa kwenye kigoda kile kile alichokalia Tajiri. Kisha nikaenda ndani, nikaleta sindano ya pili, nikampa.