Isimba ya Mdogo Wangu

Kwetu hakuna aliyetumwa na serikali kumtunza mdogo wangu. Ni sisi wenyewe. Alizaliwa na akili inayokwenda polepole, na leo ni mwanamume mwenye ndevu. Kaka yetu mkubwa, anayelima mahindi Lugari, hutoa chakula na mshahara. Binamu yetu hulipwa kumpikia na kumsaidia kuoga. Mimi ninayekaa hapa Kakamega mjini ndiye msimamizi, maana yake ndiye ninayegombana na kila mtu.

Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, asiweze tena kumwangalia usiku, tulimjengea mdogo wangu isimba, ile nyumba ndogo ya kijana aliyekwisha kutahiriwa, pale pale uani. Kaka zake wote waliwahi kuwa na zao. Yeye peke yake alikuwa bado analala jikoni kwa mama, nasi tuliona ni sawa tu.

Hakuitaka. Kila jioni alikunja blanketi lake akarudi jikoni. Kaka mkubwa akachoka, akapiga simu: "Jumamosi nikikuta bado analala kwa mama, naenda na yeye Lugari."

Mama alilia. Hapa hata wauza mboga wa sokoni wanamjua, akipotea wanamrudisha nyumbani. Lugari angejulikana na nani? Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimkaripia binamu, nikaingia kukagua kitanda, nikapekua sanduku la nguo nione kama kuna panya. Mdogo wangu, mwenye nyumba, alikuwa ameketi nje juu ya jiwe, akinitazama.

Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni pake, akaniita.

"Hiyo ni nyumba ya kuku? Kaka zako walipokuwa na isimba, uliwahi kuingia bila hodi?"

"Sasa mama, huyu naye?"

"Huyu naye alienda jandoni kama wao. Lakini nyinyi mnaingianga tu."

Nilirudi kulifunga lile sanduku. Niliona haya.

Kuanzia hapo tulipiga hodi. Mwanzoni hakujibu, akabaki kututazama kama watu waliorukwa na akili. Binamu alisimama mlangoni na uji mpaka ukapoa. Nami, nisiye na subira hata ya chai kuchemka, nilisimama juani nikajikuna. Nilipopiga hodi mara nyingine, alinyanyuka kwenye jiwe lake, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikangoja. Kisha nikasikia sauti yake nzito: "Karibu."

Jioni ile blanketi halikurudi jikoni. Wala kesho yake.

Jumamosi kaka mkubwa alifika na gunia la mahindi na begi tupu la kubebea nguo za mdogo wangu. Tulimweleza, hakuamini. Alivuka ua kwa hatua zake za mwenye shamba, akaushika mlango ausukume. Mama akamkemea kutoka kwake, "Wewe! Piga hodi!"

Kaka akageuka kututazama, mtu mzima mwenye mvi. Akaachilia mlango.

"Hodi," akasema.

Tukasikia kitanda kikilia kidogo, kisha kikatulia.

"Hodi hapa!"

"Kesho," mdogo wangu akajibu kutoka ndani.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kaka mkubwa alibaki pale mlangoni na begi lake tupu, kisha akaja kuketi nasi, akaomba chai. Alilala kwa mama, akingoja kesho.