Mama Alipokonda

Mimi sijui kunyamaza. Siku mama alipoambiwa hospitali kwamba ana kisukari na uzito umemzidi, nilimjia juu hata getini hatujafika.

"Ni mdomo wako, mama! Soda asubuhi, soda jioni, chai vijiko vinne vya sukari. Nani amekulazimisha?"

Alikuwa anajikokota, mkono begani kwangu, kwa sababu ya kidonda cha unyayo kilichokataa kupona. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba asipobadilika, mguu ule unaweza kukatwa.

Kaka yangu, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai, yeye aliitupia lawama serikali. Eti kutoka Tukuyu mpaka kwetu Masukulu kila duka limepakwa rangi za soda, na pale ambapo dawa hupati, soda unapata. Serikali ipandishe kodi, ifute yale matangazo. Nikamcheka. "Nyie ndio wale! Mtu ananenepa, mnasubiri mbunge aje kumfunga mdomo." Tuligombana mpaka chai ikapoa.

Mama mwenyewe alijitahidi, jamani, nisimnyime haki yake. Soda aliacha. Ndizi alipunguza, akawa anakula mboga za majani na maharage, na kila asubuhi anatembea taratibu mpaka barabarani na kurudi. Miezi ikapita, kidonda kikaanza kufunga. Nami kwenye kibanda changu cha kushonea pale mjini Tukuyu nikawa natamba kwa kila mteja: mnaona, ni kuamua tu!

Kumbe kijijini wanaona mengine. Kwetu mama mtu mzima akikonda, watu hawaulizi amekula nini, wanauliza watoto wake wako wapi. Na magauni yalikuwa yanamning'inia, mimi fundi mzima sijampunguzia hata moja. Siku moja nampima kiuno mteja wa Masukulu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, pole na mama. Watu wanasema mmemtupa."

Tepu ikaniponyoka. Kumtupa mama yangu, mimi? Mimi ninayempelekea dawa kila mwezi? Siku ile nilishona ovyo, nikafumua, nikashona tena ovyo. Nakaa, nainuka, naenda mlangoni, narudi. Dawa ya maneno yale ilikuwa rahisi: nichukue sindano na uzi, niende nikayabane yale magauni, basi. Sikufanya hivyo.

Jumapili niliingia dukani nikabeba kreti nzima ya soda na mikate mitatu. Hata kodi ingepanda mara mbili, siku ile ningelipa. Tukaifunga kreti nyuma ya bodaboda, nikamwambia dereva apite mbele ya kanisa, polepole, watu wanapotoka ibadani. Nilitaka waione.

Waliiona. Tulipofika tu, akina mama wa kanisani nao wakaingia nyuma yetu, wakajaa sebuleni, macho yote kwenye kreti. "Ndaga fijo, ndaga fijo," wakanishukuru kwa Kinyakyusa kama vile nimewaletea wao. Mama alinitazama. Alishaelewa kila kitu, na nikajua ameelewa. Nilisikia aibu, nikashika kifungulio nikajishughulisha kufungua chupa.

Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akampa chupa. "Haya, mwenzetu, kunywa tukuone."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema ana kisukari, hapaswi kunywa, kidonda chenyewe ndiyo kwanza kinafunga. Neno moja tu lingetosha. Lakini ningesema hivyo, wangeniuliza soda nimeileta ya nini.

Mama akaipokea. Akanywa yote bila kupumua, anawatazama wao, si mimi. Wakapiga vigelegele. "Huyu kumbe ana mtoto! Nani alisema hana?" Mama akatabasamu, akafuta mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Mwongeze, mwongeze," wakasema.

Kifungulio kilikuwa mkononi mwangu. Nikamfungulia ya pili.