Koti la Kijivu Lililofungwa Mezani Pangu

Bei nafuu, kwa maana ninayoitumia hapa, ni bei iliyo chini ya thamani halisi ya kitu ambacho muuzaji hakuficha kasoro yake. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ukiliondoa, kinachobaki si nafuu bali ni udanganyifu uliotajiwa bei. Naomba wasomaji wa ukurasa huu mlikumbuke hadi mwisho, kwa sababu hukumu ninayoiomba kwenu inasimama juu yake.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nane, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Nyacheki. Admin, nifichie jina. Wengine nimewabadilishia yao.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimekubaliana na msichana wa Magwagwa, nitakayemwita Kerubo, kwamba tuoane. Wazee wakapanga siku ya kupeleka mahari. Ng'ombe walikuwa juu ya baba yangu. Langu lilikuwa blanketi la mama mkwe na koti la baba mkwe, koti jipya la kuvikwa mbele ya watu wote. Kwa koti hilo ningepimwa kama naweza kutunza mtoto wa watu.

Pale soko la Keumbu palikuwa na fundi wa nguo niliyesoma naye, tukikaa dawati moja. Karibu na cherehani yake aliweka kitabu cha picha za rangi kutoka duka moja la Nairobi. Ulichagua picha, yeye akaagiza, mzigo ukaja kwa basi. Ninyi mnaoagiza kwa simu leo msidhani mlianza ninyi. Nilichagua koti la sufu la kijivu.

"Mwalimu," Fundi alininong'oneza, "hiyo kwa wengine ni bei nyingine. Kwako naiteremsha mpaka chini kabisa. Lakini usiambie watu."

Lilipokuja nilichunguza kola, vifungo na mifuko. Lilifanana na picha kwa kila kitu. Nikalifunga vizuri, nikamshukuru.

Siku ile Magwagwa, mjomba wangu alimvika mzee lile koti na akina mama wakapiga vigelegele. Mzee alikuwa mtu wa kanisa, Msabato thabiti, ambaye alikuwa amewavalisha marehemu wengi wa kijiji chake. Alisimama atuombee. Alipoinua mikono juu, koti likafumuka mgongoni, kutoka kwenye kola hadi chini. Vigelegele vikakatika. Alilivua polepole, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kitambaa.

"Kijana," akasema, "hii koti haikuraruka. Ilipasuliwa kwa makasi, halafu ikashonwa tena. Unajua ni nani huvalishwa koti iliyopasuliwa mgongo?"

Sote tulijua. Ni yule asiyeweza tena kuinua mikono kuiingiza kwenye nguo.

Shangazi wa Kerubo akampigia mzee kelele kutoka mlangoni: "Tata, wametuletea sanda! Wanataka kukuzika wachukue msichana bure!"

Ng'ombe walirudi jioni ileile, na koti nikarudishiwa mkononi. Kerubo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Ulishindwa kumnunulia baba kitu kizima?" aliniuliza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameolewa kwingine.

Nilimfuata Fundi sokoni nikiwa nimelibeba koti. Hakukana lolote. Alicheka kwa sauti ili wateja wasikie. "Ya Nairobi ilichelewa, na hii ilikuwa inafanana! Maiti hakuivaa, mwalimu. Niliikata mimi mwenyewe, halafu wenye msiba wakapata ingine nzuri. Sasa ningeitupa? Si ni wewe ulitaka bei nafuu? Basi nafuu si hiyo!"

Soko zima likacheka naye. Tangu siku hiyo niliitwa Mwalimu Sanda, na jina likanifuata hadi darasani, likaandikwa ubaoni kabla sijaingia. Niliomba uhamisho. Baadaye nilioa, nikajaliwa watoto, lakini koti sikulitupa. Nililihifadhi sandukuni pamoja na dawa ya nondo, jinsi mtu anavyohifadhi mbegu.

Mwezi uliopita binti yangu alinionyesha kundi la mtandaoni la kununua na kuuza. Nikamwona Fundi, amenenepa, ameota mvi, akitafuta koti la kijivu la sufu, la bei nzuri. Wakwe wanakuja kulipa mahari ya kitinda mimba wake, na anataka kuwapokea kwa heshima.

Nililisafisha. Nikalishonesha upya mgongoni kwa uzi mwepesi. Nikalipiga picha kwa mbele tu, nikaliweka kwa jina lisilo langu.

"Ndugu, bei ni hiyo kweli?" aliandika. "Mbona chini hivyo?"

Nikamjibu: "Kwa wengine ni bei nyingine. Kwako naiteremsha mpaka chini kabisa."

Hakuyatambua maneno yake mwenyewe. "Mungu akubariki, usiuzie mtu mwingine," akasema, na akalipa papo hapo.

Mzigo uko mezani, umefungwa. Nilipomweleza binti yangu, aliuliza swali moja tu: "Baba, huyo msichana anayeolewa alikukosea nini?" Nilichukua makasi nikitaka kuufungua mzigo. Lakini kila ninapotaka kuikata kamba ya mzigo ule, nakisikia kile kicheko cha Keumbu, na mkono unarudi.

Nishaurini, niutume au niufungue? Msiniandikie "samehe" peke yake, nijibuni hoja. Hakuna mtu duniani anayeijua kasoro ya koti hili zaidi kuliko yeye aliyelipasua. Je, nikimuuzia mtu kasoro aliyoitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, nitakuwa nimemficha nini?