Wagonjwa Watatu Tu

Katibu mpya wa kanisa alikuwa ametunza stoo ya misumari na nati kwa miaka thelathini. Alipostaafu, mtu mmoja, sijui Mungu alimkosea nini, akapendekeza jina lake kwenye baraza la wazee. Likapita bila kupingwa. Karani wa ofisi, mwanamke aliyekuwa akichapa barua za kanisa hilo mwaka wa kumi na tisa sasa, alimtazama mara moja tu, kalamu nne mfukoni na rula ya chuma kwapani, akajua kazi ipo. Kuanzia siku hiyo moyoni mwake akamwita Bwana Stoo.

Karani alikuwa na ulimi, ila saa za kazi aliufungia ndani ya meno. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, na kompyuta iliyofutika nusu ya herufi, kabati la chuma lisilofungika, na dirisha lililotazama choo cha wanaume. Humo ndani aliwadharau watu kimyakimya. Aliwadharau wazee saba wa baraza, ambao wangepitisha hata hoja ya kubomoa kanisa mradi chai iletwe kwa wakati. Alimdharau mchungaji, mtu wa makamo mwenye sauti tamu mimbarani na woga mtupu mbele ya karatasi. Ukimwekea kitu mezani, alitia sahihi kwanza ndipo akauliza ni kitu gani.

Bwana Stoo hakupoteza muda. Kila muumini akapewa namba na kadi, na mlangoni wakasimamishwa watu wawili wa kutia alama.

"Karani, huwezi kuendesha kitu usichojua kina vipande vingapi," alisema.

Vipande. Watu waliobatizwa, wana wajukuu na presha, wamekuwa vipande. Karani aliitikia, "Sawa, mzee," akaendelea kuchapa.

Kisha zikaja kanuni mbili. Ya kwanza: muumini asiyehudhuria ibada miezi mitatu mfululizo atolewe kwenye daftari la waumini hai. Ya pili: mchungaji atembelee wagonjwa waliomo kwenye daftari la waumini hai peke yao, maana alikuwa akipoteza siku nzima kuzurura majumbani mwa watu ambao kanisa halijui hata kama bado ni wake. Ukiisoma kila moja peke yake, unaona ina akili. Wazee saba walizisoma zote mbili, wakanywa vikombe saba vya chai, na hakuna hata kichwa kimoja kilichoziweka pamoja.

Karani ndiye aliyeziweka pamoja, akiwa kwenye kompyuta anafuta majina ya wasiohudhuria. Aliyelala kitandani zaidi ya miezi mitatu hajaja ibadani. Asiyekuja ibadani si hai. Asiye hai hatembelewi. Kwa hiyo ili mchungaji aje kukuona, uwe mgonjwa, lakini usizidishe. Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Halafu akafika namba mia mbili na kumi na mbili, kicheko kikakatika.

Hiyo ilikuwa namba ya shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyesugua sakafu ya kanisa hilo kwa miaka ishirini na sita bila kulipwa hata sabuni. Sasa alikuwa na mwezi wa tano kitandani, miguu imegoma, pumzi ya kuazima. Daktari alishamvuta karani pembeni akamwambia zimebaki wiki, si miezi. Shangazi alitaka jambo moja tu: mchungaji aje, akae ukingoni mwa kitanda, ampe meza ya Bwana, waagane. Kila jioni aliuliza, "Amesema anakuja lini?" Na kila jioni karani alijibu, "Wiki hii, shangazi."

Akalifuta lile jina. Angefanyaje? Bwana Stoo alikuwa akihesabu mistari mmoja mmoja. Alijiambia atamfuata mchungaji mwenyewe, wayamalize kama watu wazima.

"Dada, mimi ningekuja hata leo," mchungaji alisema alipofuatwa. "Lakini katibu amenipangia ratiba. Nikiivunja kwa mmoja nitaivunja kwa wote. Fuata tu utaratibu."

"Utaratibu wenyewe unasema nini?"

Mchungaji akafungua droo, akaifunga, akatuma Bwana Stoo aitwe. Naye akaja na rula yake.

"Aliyetolewa anarudishwa akihudhuria ibada moja," akasema kwa fahari. "Sijamfungia mtu mlango."

Wiki hiyohiyo baraza likapokea taarifa yake ya kwanza. Wagonjwa wa kutembelewa walikuwa arobaini na mmoja, sasa ni watatu tu. Wazee wakapiga makofi. Mmoja wao, nakwambia ukweli, alisimama akamshukuru Mungu kwa uponyaji. Karani aliyaandika hayo yote kwenye kumbukumbu za kikao.

Basi, wametaka ibada, watapewa ibada. Jumapili ya tatu ya mwezi, jirani yao seremala alileta gari lake la kubebea mbao, wakatandika godoro nyuma. Kila shimo barabarani lilimtoa shangazi mlio mdogo, na kila mara akasema, "Si kitu, twende." Seremala na kaka yake wakamwingiza kanisani wamemkalisha kwenye kiti, kitambaa cheupe kichwani. Mlangoni alama ikatiwa. Karani akapita ofisini, akairudisha namba mia mbili na kumi na mbili kwenye daftari, akaiandika na kwenye orodha ya wagonjwa, ya nne. Alitoka kifua mbele, akamkabidhi Bwana Stoo orodha. Kesho Jumatatu mchungaji angekuja, apende asipende.

Baada ya mahubiri Bwana Stoo alimnong'oneza mchungaji, na mchungaji akashika kipaza sauti.

"Mama yetu huyu alikuwa kitandani miezi mitano. Leo yuko nasi. Mungu ni mwema."

Vigelegele, makofi, ngoma. Watu waligeuka kumtazama shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amefumba macho akitafuta hewa. Karani yeye alimtazama Bwana Stoo. Alikuwa ameweka orodha juu ya goti, rula juu ya orodha, anapiga mstari.

"Unafuta nini, mzee?"

"Orodha ya wagonjwa. Huyu amehudhuria."

"Amebebwa. Umemwona anavyobebwa."

"Karani, fomu ya mahudhurio umeichapa wewe. Ina sehemu ya kubebwa?"

Mchungaji alishuka akisalimia watu. Alipofika kwenye kile kiti aliushika mkono wa shangazi, akasema, "Ubarikiwe, mama," macho yake tayari yako kwa mtu wa nyuma. Meza ya Bwana hutolewa Jumapili ya kwanza.

Nyumbani walimlaza. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Karani alimvua kitambaa, akamfuta jasho.

"Sasa atakuja?" shangazi akauliza.

"Haji, shangazi. Wamekuandika umepona." Hapo ulimi ukafunguka. Akamponda Bwana Stoo na akili zake za misumari, akawaponda wazee na chai yao. Alikuwa amefika kwa mchungaji pale shangazi alipoinua kidole.

"Mwanzoni. Jina langu kwenye daftari alilitoa nani?"

Jibu lilikuwepo, na watu wa kutupiwa lawama walikuwa tele.

"Mimi, shangazi."

Shangazi alimtazama. Kisha akamwomba amgeuze, alale akielekea ukutani.