Siku Niliyoifunika Televisheni kwa Shati Mbele ya Mama Mkwe

Naandika haya uso ukiniwaka, ingawa miaka imepita, na mpaka leo nikiwa Greyville, mtaa wetu wa Durban, nikimwona mama yeyote aliyekuwa sebuleni siku ile navuka barabara (nao ni wengi, kwa hiyo natembea kama mlevi).

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku nilikuwa natengeneza simu katika duka dogo katikati ya Durban, kazi niliyojifundisha kwa kubomoa simu zangu mwenyewe, na pembeni nilikuwa nawanakilia watu wetu, waliohamia huku kama mimi, tamthilia kwenye diski. Wateja waliniuliza ipi waangalie na ipi waachane nayo, nami nilijibu kama hakimu. Shida yangu ni kwamba siwezi kuvumilia kosa: msichana akiumia mkono wa kulia, halafu bandeji ionekane kushoto, mimi nimemaliza, natoa diski. Ndivyo nilivyoiacha ile ya dada wawili wenye duka la vitambaa, sehemu ya sita.

Basi Mama Furaha, mama wa mchumba wangu, akaniuliza (kwetu kijana huitwa papa kwa heshima), "Papa, ile ya duka la vitambaa iko muzuri? Naweza kuangalia na bamama ba kanisa?"

Ningesema tu kwamba sikuimaliza. Lakini posa yangu ilikuwa bado haijajibiwa, nikataka anione kijana anayemaliza anachokianza, nikasema, "Niliiangalia yote, mama. Safi kabisa."

Jumamosi akaniita nikamwunganishie mashine ya diski. Sebule imejaa wamama wa kanisa. Kwa watu wetu, mtu na mama mkwe wake hawakai hata kiti kimoja, hawaonani miili, mambo ya kitanda hayatajwi kabisa, kwa hiyo nilisimama mlangoni, tayari kuondoka.

"Bakia, papa," akasema. "Mashine ikikwama nani atatengeneza?"

Sehemu sita zikapita salama, mimi nimesimama mlangoni, kisha ya saba ikaanza. Mume wa dada mkubwa akaingia chumbani, na dada mdogo akaingia nyuma yake akifungua vifungo vya blauzi. Nikaruka. Nikabonyeza rimoti, betri zimekufa. Nikabonyeza mashine yenyewe, na diski yangu (niliyoinakili mwenyewe na kuisifia) ikakwama palepale, picha imeganda, blauzi iko wazi, na sauti inajirudia: ah, ah, ah.

"Yesu wangu!" mama mmoja akalia.

"Eish, na huyu ni shemeji yake!" akasema mwingine, ambaye hakufumba hata jicho moja.

Kuzima televisheni ni kitufe kimoja, najua, nimekifikiria kila wiki tangu siku ile. Lakini kichwani mwangu lilikuwepo neno moja tu, funika, na kitambaa kilichokuwa karibu ni shati langu. Nikalivua, nikalitundika juu ya televisheni, nikageuka nikihema, kifua wazi, mbele ya mama mkwe wangu.

Mama Furaha akavuta kitenge, akajifunika uso, akatoka akipapasa ukuta.

"Mkwe, vaa nguo!" wakapiga kelele.

"Akivaa, ile picha itarudi!"

"Afadhali picha!"

"Afadhali kifua!"

Wakabishana hivyo, nami nimekumbatia mabega yangu, mpaka Furaha akatoka jikoni, akabonyeza kile kitufe, akanirushia shati bila kuniangalia.

Jioni baba yake akapiga simu: nipeleke kuku na kitenge kipya, kumwondolea mama aibu machoni, na posa isubiri. Nikaenda na shati la mikono mirefu, nimefunga vifungo mpaka shingoni katika lile joto la Durban. Mama Furaha akavipokea akiwa amenipa mgongo. Nikafikiri yameisha.

"Papa," akasema akiuangalia ukuta, "yule mume, bibi yake alimukamata?"

Nikashika kifungo cha shingoni.

"Si uliangalia yote?"

Jasho likaniteremka mgongoni. "Hapana, mama. Niliishia sehemu ya sita."

Akakikunja kile kitenge kipya, bado amenipa mgongo. Kisha akasema, "Basi enda uimalize. Ukimaliza, ndiyo urudie kwa posa."

Niliimaliza peke yangu, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nilirudi, nikakubaliwa. Siku hizi mteja akiniuliza habari ya tamthilia, kabla ya yote namwambia niliishia wapi. Na ile ya duka la vitambaa ni nzuri, kwa kweli ni nzuri sana, kuanzia sehemu ya saba, lakini sitamshauri tena mtu aiangalie, maisha yangu yote.