Kikwembe Begani mwa Mama

Mama alikuwa anaogopa nguo. Malengelenge ya mkanda wa jeshi yalikuwa yamekauka zamani, yakaacha madoa kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto, lakini moto ulibaki ndani ya ngozi. Hata blauzi laini ilimchoma. Nyumbani alikaa bega moja wazi. Mtu akibisha hodi, alijifungia chumbani, nami nilitoka kusema yuko shambani. Mjini Bunia, mwenye mkanda wa jeshi hupimwa kwanza kwa macho ya majirani, na majirani huona ugonjwa mmoja tu, UKIMWI. Vipimo vya Mama vilikuwa safi. Nani angezunguka kuwasomea?

Daktari wa ganzi alimchoma sindano karibu na mshipa wa fahamu, chini ya ubavu, akifuata njia yake kwenye skrini ya ekografia. "Haimalizi ugonjwa," alituambia. "Inafunga njia ambayo maumivu yanapita. Wengine wanapata wiki kadhaa, wengine siku chache."

Mama alipata siku chache. Alilala. Alivaa. Basi tukapanga sindano ya pili iwe Ijumaa na mahari yangu Jumamosi, maana kwetu ng'ombe hawajapokelewa mpaka shangazi wa bwana amfunge mama wa binti kikwembe, kitenge kipya, kwa mikono yake mwenyewe.

Wakwe walifika Alhamisi, kutoka upande wa Iga Barrière, ng'ombe mbele.

"Leo barabara imetulia," alisema shangazi wa mchumba wangu, vumbi bado usoni. "Kesho nani anajua? Tulisema twende tu."

Hakuna aliyewalaumu. Sote tuliishi hivyo, tukinyakua siku nzuri kabla haijaharibika.

Mama alitoka chumbani akiishika blauzi kwa vidole, mbali na ubavu. Shangazi akakunjua kikwembe, kipya, kigumu kama karatasi.

"Kuya, mama mukwe, nikufunge. Leo utapita bibi-arusi kwa uzuri!"

Wanawake walicheka. Kitambaa kilipogusa ubavu, Mama alipiga yowe na kumsukuma mkono. Kikwembe kikaanguka chini.

"Anakatala?" mzee wao mmoja aliuliza. "Tumepita barrière zote za njiani na ngombe, halafu anakatala?"

Macho yote yakanigeukia. Neno moja lingetosha: mkanda. Lakini nilikuwa nimeanza kuona jinsi ambavyo wangelipokea. Mama hakuningoja.

"Siye hatukatale ngombe zenu. Ni ngozi yangu ndiyo inakatala nguo."

Akapandisha blauzi.

Mbele ya mkwe wake, ambaye kwa desturi hata kula naye asingekula. Wanaume waligeukia ukuta wote pamoja, kama walioitwa; mchumba wangu akafunika uso kwa kofia. Masikio yangu yalivuma kwa aibu: aibu ya madoa yale, kisha aibu ya kuyaonea aibu.

Shangazi alisogea, akainama, akaangalia vizuri.

"Ah. Mukanda. Na muko munaficha? Dada yangu alilia nayo mwaka muzima. Bega gani haichome?"

"Ya kuume. Kesho wananichoma sindano, moto utatulia."

Akaokota kikwembe, akakipangusa, akakikunja kidogo kidogo na kukilaza begani pale bila kufunga.

"Hiyo si kufunga," mzee alinung'unika, bado akiutazama ukuta.

"Tutafunga kesho, muzee. Ngombe zilale hapa."

Kesho yake alikuja nasi hospitali, kikwembe kwapani. Sindano ilipotoka, tulingoja. Kisha daktari akapitisha pamba ubavuni mwa Mama.

"Unasikia?"

"Nasikia kama mutu anabisha kwa jirani."

Shangazi akamfunga pale pale, taratibu, fundo kifuani. Mama hakushtuka. Wakatoka wameshikana mikono, wakawapita wagonjwa waliojipanga kwenye mabenchi, na Mama akawasalimu mmoja mmoja, kifua mbele. Mimi nilifuata nyuma, macho chini, nikisalimia visigino vya Mama na Shangazi.