Gauni la Waridi Kwenye Kesi ya Baridi

Wiki hii nimeumbuka ndani ya basi la wafanyakazi, asubuhi ya Januari, nikiwa nimevaa gauni la kulalia la mke wangu.

Tulikuwa tunatoka Al Barsha, hapa Dubai. Mama mmoja wa Unguja, soksi mbili mbili na mtandio hadi puani, alimwambia dereva azime kiyoyozi. Kijana wa Limuru, kule Kenya kwenye baridi kali, aliyevaa fulana tu, akaruka: "Mathe, hii si baridi! AC ikizimwa, mimi hutapika."

"Mwanangu, miye kifua chanibana. Wataka nife?"

Basi zima likanigeukia, kwa kuwa nimeshawachosha wote na hadithi zangu za theluji ya Moscow. "Mzee, amua wewe!"

"Kwetu Moscow," nikasema, kana kwamba nilizaliwa huko, "siku kama hii tunaanika nguo!" Na ili waone mwanamume asiyejua baridi, nikashusha zipu ya jaketi kwa madaha hadi chini.

Nilikuwa nimesahau kabisa nilichovaa ndani alfajiri nikitetemeka: gauni zito la waridi, lenye maua na lesi shingoni.

Kijana wa Limuru aliziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kila mtu huja Dubai na baridi ya kwao, wasomaji wangu. Yangu ilikuja na lesi.

Mama akainama, akalipapasa gauni kwa vidole viwili kama yuko dukani, kisha akaketi.

"Dereva, zima. Na huyo wa kutapika mpe mfuko," nikahukumu.